Henry David Thoreau: Mtu wa Maua na Daftari

Mwaka jana palizuka ubishi mkali bwenini mwetu. Mjakaranda ulio karibu na lango ulikuwa umechanua. Wengine wakashikilia kwamba umechanua mapema kuliko mwaka uliotangulia, wengine wakakataa katakata. Mimi nilikuwa upande wa kwanza na nilipiga kelele kuliko wote. Mwalimu mmoja akapita, akatuuliza ni nani kati yetu aliyekuwa ameandika tarehe. Lo! Kimya kikatanda. Mwalimu huyo ndiye aliyenipa kitabu cha maisha ya mtu ninayetaka kuwasimulia leo.

Henry David Thoreau alizaliwa tarehe 12 Julai 1817 katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts, Marekani. Babake alikuwa mtengenezaji wa penseli. Alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1837, akarudi kwao kufundisha. Walimu wetu wataniwia radhi, lakini hili lazima niliseme: alipolazimishwa kuwachapa wanafunzi viboko, aliacha kazi baada ya majuma mawili tu. Baadaye yeye na kakake John walifungua shule isiyokuwa na kiboko, wakawa wanawapeleka wanafunzi matembezini msituni. Basi mwaka 1842 John alijikata kwa wembe, akashikwa na pepopunda, akafa. Henry alihuzunika mno.

Wengi wanamjua Thoreau kwa mambo mawili. Kwanza, alijijengea kibanda kando ya ziwa dogo liitwalo Walden, akaishi humo peke yake tangu 1845 hadi 1847. Pili, mwaka 1846 alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi, maana aliichukia serikali iliyoruhusu utumwa. Maandishi yake kuhusu jambo hilo yaliwafikia hata Mahatma Gandhi na Martin Luther King. Hayo ni makubwa, sikatai. Lakini mimi nilivutiwa na jambo la tatu.

Huko kwao kuna majira ya baridi kali, ardhi hufunikwa na theluji. Baridi ikipungua, maua ya porini huanza kutokeza, na yale ya msituni hufanya haraka kabla miti haijaota majani na kuwazibia jua. Thoreau aliyafuata moja moja. Alitembea karibu kila siku, kofiani mwake akiwa na kijirafu cha kubebea mimea, na kwapani kitabu kikuukuu cha muziki cha kukaushia maua. Kuna mmea wa kinamasini wenye harufu mbaya, unaojitengenezea joto hadi ukayeyusha theluji iliyouzunguka. Huo ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikwa. Wakati mwingine alitembea maili 4 au 5 kwenda kutazama mmea mmoja tu, akaurudia mara nyingi katika majuma mawili ili aijue siku hasa ulipofunua ua lake. Jamani, huo si mchezo! Baadhi ya majirani walimwona mvivu asiye na kazi, kumbe yeye, kati ya 1851 na 1858, alikuwa ameandika tarehe za maua ya aina zaidi ya 500.

Mwishoni mwa 1860 alipata mafua akihesabu pete za visiki siku ya baridi. Kifua kikuu kikamzidi. Alifariki tarehe 6 Mei 1862, akiwa na miaka 44, wakati maua yale aliyoyapenda yalikuwa yakifunguka bila yeye kwenda kuyaona.

Je, daftari zile zilikuwa kazi bure? La hasha! Zaidi ya miaka 140 baadaye, wanasayansi wa Boston walizichukua, wakapita tena katika misitu ile ile ya Concord. Waligundua kwamba maua ya mwanzo wa msimu sasa huchanua mapema kwa kadiri ya siku 10, kwa kuwa hali ya hewa imekuwa joto zaidi. Tena, karibu robo ya aina alizoziona Thoreau hazionekani huko tena, na okidi zimepungua sana. Bila tarehe zake, watu wangebaki wakibishana kama sisi bwenini.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani mali ni pesa na mbuzi tu. Sasa nina daftari la kurasa 48. Nimeandika mjakaranda wa langoni na maua madogo ya manjano yaliyo kando ya njia ya kwenda mtoni, ambayo jina lake bado ninalitafuta. Wenzangu wananicheka. Wacha wacheke. Mwaka ujao tukibishana tena, sitapiga kelele, nitafungua ukurasa.