KEN SARO-WIWA, MTETEZI WA WAOGONI

Wengi humjua Ken Saro-Wiwa kama mwandishi tu. Mimi namhusudu kwa jambo jingine: alipoteza maisha akitetea maji na mashamba ya watu wake.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1941 mjini Bori, katika nchi ya Waogoni, kusini mwa Nigeria. Alisoma Chuo Kikuu cha Ibadan, akaandika vitabu na mchezo wa televisheni uliowachekesha Wanigeria wengi. Jina alikuwa nalo na pesa pia. Angeweza kunyamaza akala raha zake, lakini wapi!

Waogoni ni wakulima na wavuvi. Mafuta yaligunduliwa kwao mwaka wa 1958. Yalipomwagika yaliingia vijitoni na mashambani, samaki wakafa. Utajiri ulikwenda kwingine, uchafu ukawabakia wenyeji.

Mwaka wa 1990 Saro-Wiwa na wenzake walianzisha shirika la MOSOP kudai haki bila silaha. Tarehe 4 Januari 1993 watu wapatao 300,000 waliandamana kwa amani, na Waogoni wote walikuwa kama nusu milioni tu! Mwaka huo huo kampuni ya Shell ikaacha kuchimba mafuta kwao.

Mwezi wa Mei 1994 wazee wanne wa Kiogoni waliuawa katika ghasia. Saro-Wiwa hakuwa pale, lakini serikali ya kijeshi ya Sani Abacha ilimkamata, ati ndiye mchochezi. Mahakama maalumu ikamhukumu, na tarehe 10 Novemba 1995 akanyongwa pamoja na wenzake wanane.

Je, alikuwa akizua? La hasha! Mwaka wa 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa kwetu Nairobi, lilitoa ripoti. Mahali pamoja watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye sumu ya benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoruhusiwa. Sisi wa shule za kutwa twaijua foleni ya bombani alfajiri. Hebu fikiria umepanga foleni, umejaza mtungi, kumbe umebeba sumu!

Mwezi wa Juni 2025 rais wa Nigeria alitangaza kuwasamehe wote tisa. Lakini jamani, msamaha si hupewa mkosaji? Kwa maoni yangu, angetamka kwamba hawakukosa. Uhai wao haurudi tena, lakini maji ya Ogoni yaweza kusafishwa, na hilo ndilo deni lao.