Ferdinand de Saussure: Mwalimu Aliyehifadhiwa na Madaftari ya Wanafunzi Wake

Kila mwanachuo aliyekwisha kushiriki mazoezi ya kufundisha anaijua kazi ya kuandaa somo. Huandika shabaha, hupanga hatua, hutayarisha zana, kisha husimama mbele ya darasa kwa dakika arobaini. Kengele ikilia, ubao hufutwa na mwalimu mwingine huingia. Je, somo lile limebaki wapi? Limo katika daftari la maandalio ya mwalimu, au limo katika madaftari ya wanafunzi? Na yale yaliyomo katika madaftari hayo, ndiyo kweli aliyokusudia mwalimu?

Maswali haya tutayatazama kwa kusimulia maisha ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake ni Ferdinand de Saussure, ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa mwasisi wa isimu ya kisasa, yaani elimu ya lugha kama tunavyoifahamu. Wengi hulijua jina lake kwa sababu ya kitabu kimoja mashuhuri. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hakukiandika yeye.

Utoto na masomo

Saussure alizaliwa mjini Geneva, nchini Uswisi, tarehe 26 Novemba, 1857. Ukoo wake ulikuwa wa wasomi kwa vizazi kadhaa. Baba yake, Henri, alikuwa mtaalamu wa wadudu. Babu wa baba yake, Horace-Bénédict, alipanda Mont Blanc mwaka 1787 ili kufanya vipimo vya kisayansi katika kilele cha mlima huo.

Akiwa bado mvulana wa shule, Ferdinand aliandika insha iliyojaribu kuonyesha kwamba maneno ya lugha zote yanatokana na mizizi michache. Insha hiyo alimpelekea Adolphe Pictet, mzee aliyekuwa mtaalamu wa lugha na rafiki wa familia. Dai lenyewe halikuwa na msingi. Hata hivyo, mzee yule hakumkejeli. Alimsifu kwa kuthubutu, kisha akamtahadharisha kwa upole dhidi ya nadharia zinazotaka kueleza kila kitu kwa mara moja. Mtoto alisahihishwa bila kuvunjwa moyo, na mapenzi yake kwa lugha hayakupungua.

Miaka michache baadaye, akisoma Kigiriki shuleni, alitambua kwamba mahali fulani katika lugha hiyo irabu a ilikuwa imeshika nafasi ya sauti n ya zamani sana. Alidhani kila mtaalamu analijua jambo hilo, kwa hiyo alinyamaza. Mwaka 1876, alipokwenda kusoma Leipzig, Ujerumani, aliwakuta maprofesa wakilizungumzia kama uvumbuzi mpya wa mtaalamu Karl Brugmann. Yaliyogunduliwa na mwanafunzi kimya kimya yalikwisha kuandikwa na mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 21, Saussure alichapisha kitabu juu ya mfumo wa kale wa irabu katika lugha za jamii ya Kihindi-Kiulaya. Humo alidai kwamba lugha mama ya jamii hiyo ilikuwa na sauti fulani ambazo hazikusikika tena katika lugha yoyote iliyojulikana wakati ule. Alifikia hitimisho hilo kwa kuchunguza mpangilio wa irabu peke yake. Mwaka 1927, yaani miaka 14 baada ya kifo chake, mtaalamu wa Kipolandi Jerzy Kuryłowicz alionyesha kwamba Kihiti, lugha ya kale iliyosomwa katika vigae vya udongo vilivyofukuliwa nchini Uturuki, kilikuwa na konsonanti katika baadhi ya nafasi zile zile alizozitaja Saussure.

Miaka ya Paris

Baada ya kupata shahada ya udaktari mwaka 1880, Saussure alikwenda Paris. Mwaka uliofuata, akiwa hajafikisha miaka 24, alikabidhiwa kufundisha Kigothi na Kijerumani cha kale katika shule kuu ya masomo ya juu iliyoitwa École pratique des hautes études. Kama jina lake lilivyodokeza, shule hiyo ilithamini kazi ya vitendo: mwalimu na wanafunzi waliyachambua maandishi ya kale wakiwa nayo mbele yao. Katika miaka ile kumi aliwafundisha vijana waliokuja kuwa wataalamu wakubwa wa Ufaransa, miongoni mwao Antoine Meillet na Maurice Grammont. Mwaka 1903 Meillet alitoa kitabu chake juu ya lugha za Kihindi-Kiulaya na kukitabaruku kwa mwalimu wake huyo.

Mwaka 1891 Saussure alirudi Geneva kuwa profesa katika chuo kikuu cha mji aliozaliwa. Tangu hapo kalamu yake ilianza kunyamaza. Katika barua aliyomwandikia Meillet mwaka 1894 alieleza kwamba amechoshwa na ugumu wa kuandika hata mistari kumi yenye maana juu ya lugha. Istilahi zilizotumiwa na wataalamu, kwa maoni yake, zilikuwa na kasoro, na kabla ya kusema lolote ilikuwa lazima kwanza kuwaonyesha wenyewe ni kitu gani hasa wanachokifanya. Hakuacha kufikiri wala kufundisha. Alichoacha ni kuchapisha.

Kozi tatu

Mwishoni mwa mwaka 1906 mwalimu aliyekuwa akifundisha isimu ya jumla katika chuo hicho alistaafu, na kazi hiyo akapewa Saussure. Aliifundisha kozi hiyo mara tatu tu: mwaka 1907, kisha 1908 hadi 1909, na mwisho 1910 hadi 1911. Darasa lilikuwa dogo, la wanafunzi sita katika kozi ya kwanza, na katika zile mbili zilizofuata halikuwazidi sana kumi.

Je, alifundisha nini? Tutumie mifano ya Kiswahili. Alifundisha kwamba neno ni ishara yenye pande mbili, yaani sauti na maana, na kwamba hakuna sababu ya kimaumbile inayozifunga pande hizo pamoja. Mti haujiiti mti; ni mapatano ya jamii. Alifundisha pia kwamba neno halipati thamani yake peke yake, bali kwa kutofautiana na maneno mengine ya lugha ile ile. Sisi tunatofautisha mpunga, mchele na wali. Mfaransa huyaita yote matatu riz. Basi neno riz halilingani sawasawa na neno letu lolote kati ya hayo, kwa kuwa hakuna maneno mengine mawili yanayolipakia mipaka. Kadhalika kwa sauti: tofauti ya p na b ina kazi katika Kiswahili kwa sababu inatenganisha pata na bata.

Ili kulifafanua wazo hili, Saussure alipenda kutumia mfano wa mchezo wa sataranji. Sisi twaweza kutumia bao. Kete ikipotea, kokoto huwekwa badala yake na mchezo huendelea, kwani kilicho muhimu si umbo la kete bali nafasi yake na kanuni za mchezo. Lugha nayo ni mfumo wa namna hiyo.

Kilicho muhimu zaidi kwetu sisi walimu ni namna alivyofundisha. Saussure hakurudia somo lake. Kozi ya kwanza ilishughulika sana na sauti na mabadiliko ya lugha. Ya pili ilianza na lugha kama mfumo wa ishara. Katika ya tatu aliugeuza tena utaratibu: alianza na lugha mbalimbali za ulimwengu, jinsi zinavyotofautiana na zinavyoenea katika nchi, na ilipofika Aprili 1911 ndipo akaingia katika kueleza lugha kwa ujumla ni kitu gani. Mwanafunzi alitembezwa kwanza katika mambo yanayoonekana na kusikika, kisha akapandishwa hadi kwenye kanuni. Hatua hiyo kila mwanachuo amefundishwa chuoni: kuanza na kinachojulikana na kuendea kisichojulikana.

Mwezi Mei mwaka 1911 Saussure alimweleza mmoja wa wanafunzi wake, Léopold Gautier, jambo lililokuwa likimsumbua. Alikuwa katika njia panda. Afundishe somo hilo pamoja na ugumu wake wote na kuungama mashaka yake, ilhali wengi wa wasikilizaji si wataalamu wa isimu? Au alirahisishe ili liwafae wanafunzi, na kwa kufanya hivyo atoe jambo asiloliamini kikamilifu? Nani kati yetu hajakutana na swali hilo? Mwalimu wa darasa la tatu anayeeleza kitenzi ni nini hukabiliwa nalo vile vile, ingawa kwa kipimo kingine.

Kifo na msako wa maandishi

Katika mwaka 1912 Saussure aliugua na kuacha kufundisha. Alifariki tarehe 22 Februari, 1913, huko Vufflens, akiwa na umri wa miaka 55.

Wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, waliona kwamba mafundisho yale yasiachwe yapotee. Shughuli zao ziliwazuia kuhudhuria kozi zile, kwa hiyo walitarajia kupata maandishi yake mwenyewe. Hawakupata karibu chochote cha kuwasaidia, kwani Saussure alikuwa na desturi ya kuchana maandalio yake kila alipokwisha kuyatumia. Methali ya mali na daftari kila mmoja wetu anaijua. Hapa mali ilikuwa kubwa, na daftari la mwenyewe halikuwapo.

Kilichobaki ni madaftari ya wanafunzi. Louis Caille alikuwa ameandika kozi ya kwanza kwa hati mkato. Albert Riedlinger alikuwa na nukuu nyingi za kozi mbili za kwanza. George Dégallier, Francis Joseph na mkewe Sechehaye walikuwa wameiandika kozi ya tatu. Bally na Sechehaye walizikusanya nukuu hizo, wakazilinganisha na kuziunga pamoja, na mwaka 1916, Ulaya ikiwa katikati ya vita, walitoa kitabu kilichoitwa Cours de linguistique générale. Kitabu hicho kilienea katika vyuo vikuu vya ulimwengu, na athari yake ilifika hata nje ya isimu.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 1957 Robert Godel alichapisha uchunguzi wake juu ya nukuu zile za asili. Mwaka 1958 yalijitokeza madaftari ya mwanafunzi mwingine, Émile Constantin, ambayo ndiyo kumbukumbu kamili zaidi ya kozi ya tatu na ambayo wahariri hawakuwahi kuyaona. Kuanzia mwaka 1967 Rudolf Engler alitoa toleo lililoweka maneno ya kitabu na nukuu za wanafunzi bega kwa bega. Ndipo wasomaji wakaona tofauti. Sentensi mashuhuri inayofunga kitabu haimo katika daftari la mwanafunzi yeyote. Tena mpangilio wa kozi ya tatu ulikuwa umepinduliwa: kitabu kiliweka kanuni za jumla mbele, na sehemu ya lugha mbalimbali, ambayo mwalimu aliitanguliza, ikasukumwa karibu na mwisho. Mwaka 1996 yalipatikana pia maandishi ya mkono wa Saussure mwenyewe katika nyumba ya ukoo wake mjini Geneva, yakachapishwa mwaka 2002. Mengi yalikuwa ni sentensi zilizoanzwa na kuachwa.

Tusiwalaumu Bally na Sechehaye. Bila wao na wanafunzi wale, pengine tusingalisikia habari za kozi hizo. Walakini walihifadhi yaliyosemwa kuliko walivyohifadhi hatua za kuyasema, na hatua ni sehemu ya somo. Wasomaji wengi waliokiona kitabu kigumu hawakujua kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa ameanzia mahali pepesi.

Funzo kwa mwalimu

Ndugu mwanachuo, hutarajiwi kuwa Saussure. Lakini unaweza kumwiga katika kulifikiri somo upya kila mwaka, badala ya kunakili andalio la mwaka uliopita kwa kubadilisha tarehe. Usimwige katika kuchana karatasi. Weka daftari la maandalio, na baada ya kipindi andika mistari miwili: hatua ipi ilieleweka, hatua ipi ilikwama, na ungeanzia wapi kama ungelirudia somo hilo kesho.

Aidha, unapoyakusanya madaftari ya wanafunzi, usiyatazame kwa ajili ya vyema na makosa tu. Soma ili ujue umefundisha nini. Ikiwa wanafunzi kumi wameandika jambo ambalo hukulikusudia, basi hilo ndilo somo walilolipokea, na kosa usilitafute kwao kwanza. Saussure hakupata nafasi ya kuyasoma madaftari ya Riedlinger na Constantin na kuyasahihisha. Wewe unayo nafasi hiyo kila juma, juu ya meza yako.