Gandhi: aliyeteleza kwenye chakula mara nyingi, na namna alivyorudi

Mtu akitoka zahanati na kuambiwa apunguze chumvi, sukari au pombe, wiki za kwanza huwa ngumu lakini hujikaza. Kisha inakuja harusi kijijini, au Idi, au Krismasi. Sahani inajazwa, nyama inaletwa na soda, kibuyu cha pombe ya ndizi kinapita. Anaonja kidogo, anaongeza, na mwishowe anakula kama zamani. Kesho yake anajiambia ameshaharibu, basi hakuna haja ya kuendelea. Wengi wetu hapa Ngara na Biharamulo tunamjua mtu wa namna hiyo, na wengine ndiyo sisi wenyewe.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya mtu aliyepambana na chakula tangu utotoni hadi uzeeni. Dunia inamkumbuka kwa kupigania uhuru wa India bila silaha. Jina lake ni Mohandas Gandhi, maarufu kama Mahatma, yaani mwenye roho kuu. Wengi wanadhani mtu kama huyo hakuwahi kushindwa na tumbo lake. Alishindwa, tena zaidi ya mara moja, na habari hizo tunazijua kwa sababu aliziandika yeye mwenyewe.

Mama aliyesubiri jua

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya magharibi ya India. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa eneo hilo. Ukoo wao ulikuwa wa Wahindu wasiokula nyama kabisa. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa kufunga. Mwaka mmoja, msimu wa mvua, aliweka nadhiri ya kutokula siku yoyote asipoliona jua. Watoto walikuwa wakisimama nje wakitazama mawingu, na jua likichomoza wanakimbia kumwita. Mara nyingi alipofika mlangoni jua lilikuwa limeshajificha. Mama alirudi kwenye kazi zake bila kununa, akabaki na njaa yake hadi siku nyingine.

Mtoto akilelewa na mama wa namna hiyo, ungetegemea afuate nyayo zake moja kwa moja. Haikuwa hivyo.

Nyama ya mbuzi kando ya mto

Alipokuwa shule ya sekondari, rafiki yake mmoja alimshawishi kwamba Waingereza waliwatawala Wahindi kwa sababu walikula nyama, na kwamba Wahindi nao wakila nyama watapata nguvu za kuwafukuza. Gandhi alikuwa kijana mwembamba na mwoga wa giza, na maneno hayo yalimwingia. Siku moja walienda mahali pa faragha kando ya mto, wakala nyama ya mbuzi kwa mkate. Nyama ilikuwa ngumu kama ngozi na ilimshinda kumeza. Usiku alipolala aliota mbuzi analia tumboni mwake.

Hata hivyo hakuacha. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alikula nyama kwa siri, kama mara sita. Kila alipotoka huko ilibidi amwambie mama yake kwamba hana hamu ya kula, kwamba tumbo halijakaa vizuri. Ni uongo huo uliomchosha. Akaamua kwamba kuwadanganya wazazi ni kubaya kuliko kutokula nyama, akamwambia rafiki yake kuwa hataigusa tena wazazi wakiwa hai.

Hapa ndipo aliporudi kwa mara ya kwanza. Hakusubiri mwaka mpya wala hakusubiri agunduliwe. Alitazama kilichokuwa kinamuumiza, akakata.

London na mayai

Mwaka 1888, akiwa karibu kutimiza miaka 19, aliondoka kwenda London kusomea sheria. Tayari alikuwa na mke, Kasturba, waliyeozeshwa wangali watoto wa miaka 13. Mama hakutaka aende, akihofia kwamba huko ataharibika. Ndipo Gandhi alipokula kiapo mbele yake kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama.

London alikaa na njaa. Chakula cha nyumba alizopanga kilikuwa mboga za kuchemsha na mkate, na aliona haya kuomba nyongeza. Alitembea mitaani akitafuta mahali pa kula, hadi alipogundua mgahawa wa watu wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon. Aliandika baadaye kuwa huo ulikuwa mlo wa kwanza wa kumshibisha tangu afike Uingereza. Akajiunga na chama cha watu hao, hata akawa katika kamati yake.

Lakini hapo napo aliteleza. Baadhi ya wenzake walidai kwamba yai si nyama, kwa kuwa anayekula yai hajaua kiumbe. Gandhi alivutiwa na hoja hiyo akaanza kula mayai. Hazikupita wiki mbili akajiuliza swali moja: je, mama yangu aliponiapisha, alielewa nyama kuwa nini? Alijua jibu. Kwa mama yake, yai lilikuwa ndani ya kiapo. Akaacha mayai, na pamoja nayo keki na vyakula vingine vilivyotengenezwa kwa mayai, ingawa hilo lilimpa shida kila alipoingia mgahawani.

Wengi wetu huanza kuteleza namna hiyo. Hatuanzi na sahani nzima, tunaanza na hoja nzuri: hii si sukari, ni asali, hii si pombe kali, ni ya kienyeji.

Kupitia Lamu, Mombasa na Zanzibar

Alihitimu mwaka 1891 na kurudi India, akakuta mama yake ameshafariki. Mwezi Aprili 1893 alipata kazi ya kesi moja Afrika Kusini. Meli yake ilipita kwetu Afrika Mashariki: ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa zaidi ya wiki moja akisubiri meli nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 23, wakili kijana asiye na jina.

Kesi ilipangwa kuchukua mwaka mmoja. Alikaa Afrika Kusini takribani miaka 21, akipigania haki za Wahindi waliobaguliwa. Huko ndiko alikojenga mashamba ya kuishi kwa pamoja, na huko ndiko alikoanza kujiwekea masharti magumu ya chakula.

Wakati mmoja Kasturba aliugua sana. Gandhi akamsihi aache chumvi na jamii ya kunde, yaani maharage, choroko na dengu. Kasturba alichoka na mawaidha, akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe angeshauriwa hivyo asingeweza. Gandhi hakubishana. Papo hapo alitangaza kuwa ameacha vyote viwili kwa mwaka mzima, mke aache au asiache. Kasturba alijuta na kumwomba abatilishe, akakataa. 

Mwaka 1912, akiwa na rafiki yake Hermann Kallenbach, aliapa kuacha maziwa pia. Alikuwa amesoma jinsi ng'ombe na nyati wa kufugwa walivyoteswa huko Calcutta ili watoe tone la mwisho. Mwaka 1915, baada ya kurudi India, aliongeza sharti jingine: kwa siku moja hatakula zaidi ya aina 5 za chakula, wala hatakula baada ya giza kuingia.

Bakuli la choroko

Anguko kubwa lilikuja mwaka 1918. Gandhi alikuwa na miaka 48. Alikuwa akitembea maili nyingi kila siku katika vijiji vya wilaya ya Kheda, na chakula chake kikuu kilikuwa karanga zilizosagwa na malimau. Alikula karanga kupita kiasi, tumbo likaanza kumsumbua. Alijua dawa yake: kuacha kula kwa muda, tumbo lipumzike.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu. Alikuwa amemwambia Kasturba kwamba mchana hatakula. Lakini Kasturba alikuwa amepika uji mzito wa ngano, mtamu, uliotiwa mafuta, na alikuwa amemwekea bakuli la choroko. Gandhi alivipenda vyakula hivyo. Alijiambia ataonja kidogo tu, amfurahishe mkewe na kuridhisha ulimi. Badala ya kuonja, alishiba.

Haikupita saa moja tumbo likamkamata. Jioni alisafiri kwenda mji wa Nadiad akiwa na maumivu makali, na kwa muda wa saa 24 alienda choo mara 30 hadi 40. Kisha akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: alikataa dawa na sindano za madaktari. Mwili ukaisha, akabaki kitandani miezi kadhaa. Wakati fulani aliamini anakufa, akawaaga wenzake.

Mwezi Januari 1919, mjini Bombay, daktari aliyemfanyia upasuaji mdogo alimweleza wazi kwamba mwili huo hauwezi kujengwa upya bila maziwa. Gandhi alikataa kwa sababu ya kiapo chake. Kasturba, aliyekuwa pembeni ya kitanda, ndiye aliyepata njia. Alisema kwamba kiapo kile kilitokana na mateso ya ng'ombe na nyati, basi hapakuwa na kizuizi kwa maziwa ya mbuzi. Daktari aliunga mkono. Gandhi alikubali, akanywa, akaanza kupata nguvu. Tarehe 6 Aprili mwaka huohuo aliongoza mgomo mkubwa wa nchi nzima kupinga sheria kandamizi ya Waingereza.

Maziwa hayo hayakuacha kumsumbua moyoni. Aliandika kwamba alitunza maneno ya kiapo lakini hakutunza nia yake, kwani alipoapa alikusudia maziwa yote. Hata hivyo hakuyaacha. Mwaka 1929 alijaribu tena, safari hii kwa kula nafaka na kunde bila kupika. Tumbo lilimgomea, akarudi kwenye maziwa ya mbuzi. Alipoenda London mwaka 1931 kwa mazungumzo kuhusu mustakabali wa India, maziwa ya mbuzi yalikuwa bado sehemu ya chakula chake. Aliishi hivyo hadi alipouawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948, akiwa na miaka 78.

Tunabeba nini

Hatusemi tule kama Gandhi. Masharti yake mengine yalikuwa makali mno, na kukataa kwake dawa kulikaribia kumuua. Mtu mwenye kisukari au presha afuate chakula na dawa alizoelekezwa na kituo chake cha afya.

Kinachotufaa ni namna alivyorudi. Kwanza, hakuficha. Nyama ya siri ilimchosha kwa sababu ya uongo, na baadaye alisimulia makosa yake gazetini, watu wote wakasoma. Ukifika kliniki na kumwambia mhudumu kwamba siku ya harusi ulikunywa soda tatu, anaweza kukusaidia. Ukimficha, atadhani dawa haifanyi kazi.

Pili, hakuruhusu kosa moja lifute yote. Baada ya mayai alirudi kwenye kiapo chake, na baada ya bakuli la choroko hakusema sasa nile chochote. Uliyekula kupita kiasi Jumamosi, mlo wa kurekebisha ni ule unaofuata, si wa mwezi ujao. Na usijiadhibu kwa njaa. Anayetumia dawa za kisukari akiruka mlo ili kulipia kosa, sukari yake inaweza kushuka ghafla na kumwangusha.

Tatu, sharti likimshinda mwili, alikubali kulirekebisha. Kama umeambiwa ule chakula usichoweza kukipata sokoni kwako, rudi ukaulize mbadala kabla hujaacha kabisa. Huenda jibu liko nyumbani kama yule mbuzi.

Mwisho, tumkumbuke Kasturba. Ni yeye aliyepika uji ule mtamu, na ni yeye aliyepata njia ya kumwokoa mumewe. Nyumbani kwako yupo anayepika. Mweleze ulichoambiwa kliniki, au nenda naye siku ya miadi asikie mwenyewe, ili sikukuu ijayo bakuli lako lipakuliwe kwa kipimo kabla hujaketi kula.