Mjue Zhang Zhongjing, Daktari wa Kitambo Anayesifiwa kwa Kuleta Jiaozi

Kama umewahi kumanga jiaozi, zile za Wachina za unga wa ngano zilizojazwa nyama na mboga kisha zikachemshwa, kuna buda mmoja unafaa kumjua.

Zhang Zhongjing alizaliwa karibu mwaka wa 150 huko Nanyang, mkoa wa Henan, wakati utawala wa Han ulikuwa unaporomoka. Vita, njaa, magonjwa: mambo ilikuwa noma. Ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200. Kuanzia 196, kabla miaka 10 iishe, theluthi mbili walikuwa wamekufa, na kwa kila 10 waliokufa, 7 walimalizwa na homa zinazoletwa na baridi. Hebu fikiria: wewe ndiye daktari, na bado unazika watu wa kwenu mmoja baada ya mwingine.

Zhang hakukata tamaa. Aliandika Shanghan Zabing Lun, kitabu kinachoeleza homa hizo na dawa zake. Kilitawanyika kwa vita, daktari mwenzake Wang Shuhe akakikusanya upya. Mitishamba yake inatumika hadi leo.

Na jiaozi je? Hadithi ni kwamba alirudi nyumbani msimu wa baridi, akapata masikini masikio yameganda. Akachemsha nyama ya kondoo na dawa, akaikatakata, akaifunga kwa unga kwa umbo la sikio, akawapa bure na supu yake. Wengine huongeza kwamba alitia pilipili. Hapo ni fiksi, juu pilipili ilifika China kutoka Amerika zaidi ya miaka 1,000 baadaye.

Ndio maana kaskazini mwa China, siku yenye usiku mrefu zaidi mwakani, watu hula jiaozi ili masikio yasigande. Mkesha wa Mwaka Mpya familia nzima hukaa kuzikunja. Umbo lake hufanana na vipande vya fedha vya zamani, kwa hivyo ni ishara ya doo. Wengine huficha sarafu ndani ya moja; ukiiuma, mwaka ni wako.

Ukweli usemwe: hakuna ushahidi kwamba Zhang ndiye alizianzisha. Jiaozi kongwe zinazojulikana sana zilichimbuliwa makaburini Turpan, Xinjiang, za enzi ya Tang. Lakini watu hawakumpa hii sifa bure. Aliona wake wakiisha, akaamua wa wengine wasiishe hivyo.