William Gaines: Mchapishaji aliyefunzwa kutisha na kuchekesha, kisha akasalimishwa na kicheko

Na Mwandishi Wetu

NI wachapishaji wachache wa vitabu vya katuni waliowahi kuketishwa mbele ya maseneta na kutakiwa kujieleza kwa nini wanawachorea watoto maiti, mizimu na vichwa vilivyokatwa. William Gaines wa New York alikuwa mmoja wao. Kilichotokea baada ya siku hiyo ya mwaka 1954 kiliua karibu kila alichokuwa nacho, isipokuwa kitabu kimoja cha mzaha ambacho kiliishi kumpita yeye mwenyewe.

Gaines alizaliwa Machi 1, 1922. Baba yake, Max Gaines, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kufunga katuni za magazetini katika umbo la kitabu, mwaka 1933. Mtoto hakuwa na hamu ya kazi hiyo. Baada ya kutumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, aliingia Chuo Kikuu cha New York akikusudia kuwa mwalimu wa kemia.

Hata hivyo, Agosti 1947 baba yake alifariki katika ajali ya boti kwenye Ziwa Placid. Akiwa na umri wa miaka 25, Gaines alirithi kampuni ndogo iliyojulikana kama EC, herufi zilizosimama badala ya maneno yenye maana ya katuni za elimu. Kampuni hiyo ilichapisha hadithi za Biblia na za historia, na biashara ilikuwa mbaya. Gaines aliziacha herufi mbili zilivyo, akabadili maana yake tu: elimu ikatoka, burudani ikaingia.

Mwaka 1950, akishirikiana na mhariri wake Al Feldstein, alianzisha mfululizo wa vitabu vya kutisha, vikiwamo Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Utaratibu wao wa kazi ulikuwa wa ajabu. Gaines alikuwa akitumia dawa za kupunguza unene ambazo zilimnyima usingizi, hivyo alikesha akisoma hadithi na kuandika vidokezo kwenye vipande vya karatasi. Asubuhi alimletea Feldstein vidokezo hivyo, naye akaandika hadithi nzima kabla ya jua kuzama.

Kilichozitofautisha hadithi hizo na nyingine za aina yake ni kicheko. Kila kitabu kilikuwa na msimulizi wake: mlinzi wa makaburi, mlinzi wa pango la wafu, na ajuza mchawi. Watatu hao waligombana wao kwa wao, wakamsimanga msomaji, wakacheza na maneno huku maiti akifukuka kaburini kumlipiza kisasi aliyemuua. Aidha, walichukua ngano za kale ambazo kila mtoto wa Ulaya na Marekani hulazwa nazo, wakazipindua miguu juu kichwa chini.

Kwa msomaji wa huku kwetu jambo hilo si geni. Aliyekulia Daudi wilayani Mbulu, sawa na aliyekulia Kariakoo, anajua kuwa hadithi ya zimwi inayosimuliwa usiku haikamiliki mpaka wasikilizaji waogope kwanza, kisha waangue kicheko. Wasomaji wa jarida la Sani la miaka ya 1980, waliowafuata akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, wanajua pia kuwa mchoro wa kuchekesha unaweza kubeba jambo zito.

Mwaka 1952 kampuni ilifika hatua ya kujicheka yenyewe. Mhariri mwingine wa Gaines, Harvey Kurtzman, alianzisha kitabu kilichoitwa Mad. Hadithi ya kwanza katika toleo la kwanza, iliyochorwa na Jack Davis, ilikuwa dhihaka ya hadithi za kutisha zile zile ambazo Gaines aliziuza kwenye meza ya pili. Mwaka 1953 walimgeukia Superman, na mauzo yakapaa.

Lakini mawingu yalikuwa yakikusanyika. Wazazi, walimu na viongozi wa dini walihofia kuongezeka kwa uhalifu wa vijana. Mwanzoni mwa mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichovilaumu vitabu vya katuni kwa kuwapotosha watoto. Aprili 21 mwaka huo, kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliketi New York. Gaines aliomba mwenyewe kutoa ushahidi.

Mambo yalimwendea vibaya. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la kitabu chake lenye mwanamume mwenye shoka, mkononi ameshika kichwa cha mwanamke, akamtaka aseme kama hilo ni jambo la staha. Gaines alijibu kuwa kwa kitabu cha kutisha ni la staha, na kwamba lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi, damu ikaonekana ikichuruzika. Huenda alikuwa akieleza kwa uaminifu kazi ya mhariri, lakini magazeti ya siku iliyofuata hayakumhurumia.

Gaines aliwaita wachapishaji wenzake waungane kupinga udhibiti. Waliungana kweli, ila Oktoba 1954 wakaja na kanuni zilizopiga marufuku wanyonya damu, maiti wanaofufuka na watu wanaogeuka mbwa-mwitu, pamoja na maneno ya hofu na vitisho kwenye majina ya vitabu. Umoja alioupigania ndio uliomfungia duka. Wauzaji wa jumla walirudisha mafurushi yake bila hata kuyafungua.

Pigano la mwisho lilihusu hadithi ambayo haikuwa na mzimu hata mmoja. Ilimhusu mwanaanga anayeikataa sayari moja kwa sababu roboti wake wanabaguana kwa rangi, na katika picha ya mwisho anavua kofia yake na kuonekana kuwa ni mtu mweusi. Msimamizi wa kanuni alitaka rangi yake ibadilishwe. Gaines alitishia kulipeleka suala hilo kwenye magazeti, na hadithi ikatoka kama ilivyo. Hicho kikawa kitabu chake cha mwisho cha katuni.

Kilichobaki ni Mad. Mwaka 1955 kilikuwa kimekwisha kugeuzwa kuwa jarida, hivyo hakikubanwa na kanuni zile. Kurtzman aliondoka mwaka uliofuata, Feldstein akashika uhariri, na kufikia mwaka 1974 jarida lilikuwa likiuza nakala zaidi ya milioni mbili kwa toleo. Mwaka 1964 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kuwa jarida hilo lilikuwa na haki ya kudhihaki nyimbo maarufu, uamuzi ambao hadi leo ni ngao kwa waandishi wa vichekesho nchini humo.

Gaines alikuwa mtu wa vituko. Aliwafuatilia wafanyakazi wake kwa simu za mbali walizopiga bila kulipia, ilhali mwaka 1960 aliwasafirisha hadi Haiti kumgongea mlango msomaji aliyeacha kulipia jarida, wakimsihi arudi. Pamoja na ukarimu huo, hakuwaachia wachoraji haki za kazi zao, jambo ambalo baadhi yao walilinung'unikia.

Alifariki New York Juni 3, 1992, akiwa na miaka 70. Kanuni zilizomfilisi zilikufa mwaka 2011, wachapishaji wakubwa wa mwisho walipojitoa. Hadithi zake za makaburini, ambazo maseneta walidhani wamezizika, zilikwisha kufukuka zamani: zilichapishwa upya, zikawa filamu mwaka 1972, na kuanzia mwaka 1989 zikaonyeshwa kwenye televisheni.