Dk. Michael Wood: Daktari wa Maili ya Pili

Sisi tunaovuka mipaka kwenda kwenye makongamano tunaijua safari: basi limeharibika, mvua imekata barabara, tumelala njiani. Sasa hebu fikiria safari hiyohiyo ukiwa umembeba mtoto aliyeungua moto, au unamsindikiza mama aliyeshikwa na uchungu siku ya pili na mtoto hatoki. Katika toleo hili la kumbukumbu tunamtazama mtu aliyeamua kwamba kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari ndiye afunge safari.

Michael Wood alikuwa Mwingereza, daktari wa upasuaji. Alikuja Kenya na mkewe Susan muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili. Susan hakuwa mgeni Afrika. Alizaliwa Kongo, kwa wazazi wamisionari, na babu yake ndiye yule C. T. Studd aliyeacha sifa za mchezo wa kriketi na mali ya urithi akaenda kuhubiri Injili, akafia Kongo mwaka 1931.

Wood alikwenda kujiongezea ujuzi Uingereza kwa Archibald McIndoe, bingwa aliyerekebisha nyuso na mikono ya marubani walioungua vitani. Ujuzi huo ulihitajika sana huku kwetu. Watoto wengi huangukia moto wa jikoni, na kovu likishakauka huvuta shingo mpaka kidevu kikashikana na kifua. Wengine huzaliwa na mdomo sungura. Upasuaji mmoja unaweza kumrudisha mtoto shuleni na kumwondolea mama yake aibu. Ila mtoto huyo yuko kijijini, na daktari yuko Nairobi!

Basi Wood akajifunza kurusha ndege. Mwaka 1957 yeye, McIndoe na daktari Mmarekani, Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka. Wazo lenyewe walilizungumza huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Tanganyika. Hiyo ndiyo kazi iliyokuja kuitwa AMREF. Ndege ndogo ilitua kwenye viwanja vya majani karibu na hospitali za misheni. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kukusanywa, daktari ananawa mikono, anaanza kazi. Baadaye zikaja redio za mawasiliano, na muuguzi aliyekuwa peke yake porini akaweza kuomba ushauri, au kuita ndege mgonjwa akizidiwa.

Sasa wapendwa, tuwe wakweli. Ndege inapendeza machoni. Watoto wanakimbia uwanjani, wazee wanapunga mikono. Lakini ikiisha kupaa, kidonda kinabaki. Nani atabadilisha bandeji kesho yake? Nani atagundua kwamba usaha umeanza? Ni yule muuguzi na yule mhudumu wa zahanati, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Pia magonjwa mengi yanayoua watoto wetu hayatibiwi kwa kisu. Yanataka maji safi, chanjo, choo na chakula.

Kwa hiyo kazi haikuishia angani. Kliniki za magari zikaenda Umasaini. Huko Kibwezi, Ukambani, wanakijiji wakafundishwa kuangalia afya za jirani zao wenyewe. Madaktari waliotua hospitalini walitarajiwa kufanya upasuaji na kufundisha pia, ili safari ijayo mwenyeji ajue zaidi.

Susan naye, mwaka 1975, alianzisha karakana ya shanga za udongo huko Karen, Nairobi, akaanza na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Inaitwa Kazuri. Mwaka 1985, baada ya njaa kubwa ya Ethiopia, Wood alishiriki kuanzisha shirika la FARM-Africa kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji. Yaani mpasuaji mzima aligeukia mbuzi na mbegu! Alikuwa ameona kwamba mtoto mwenye njaa atarudi tu kitandani, hata umshone vizuri namna gani.

Alifariki mwaka 1987. Kitabu alichokuwa ameandika mwaka 1978 kina jina linalotukumbusha fundisho la Bwana kuhusu kwenda maili ya pili. Maili ya kwanza ni kufika. Ya pili ni kuhakikisha kwamba ukiondoka, msaada haukuondoka nawe.

Makanisa yetu nayo hufanya kambi za matibabu, na tunamshukuru Mungu. Madaktari wanakuja Ijumaa, tunapiga picha, Jumapili tunaagana kwa machozi. Tunapopanga kambi ijayo, kabla ya kuchapisha fulana na mabango, tukae na wauguzi wa kijiji kile tuwaulize wanahitaji nini, na nani atasafisha vidonda Jumatatu asubuhi.