Clair Patterson, mtu aliyekuta moshi wa motokari ndani ya barafu ya Greenland

Kaskazini-magharibi mwa Greenland, mahali palipoitwa Camp Century, hakuna barabara, hakuna kiwanda, hakuna shamba. Ni barafu tupu, yenye unene wa zaidi ya kilometa moja. Mwaka wa 1965, kundi la watafiti la Mmarekani Clair Patterson lilifika pale, katika mashimo ambayo jeshi la inchi yao lilikuwa limechimba chini ya barafu hiyo. Walivaa nguo za plastiki na glavu safi, wakakata barafu vipande vikubwa vikubwa, wakaiyeyusha. Walikuwa wanatafuta risasi. Si ile ya bunduki, ambayo watu wa Kivu na Ituri wanaijua kupita kiasi, bali chuma chenyewe, kile kinachokuwa ndani ya betri ya motokari na ambacho kwa Kifaransa kinaitwa plomb.

Patterson alizaliwa tarehe 2 Juni 1922 huko Mitchellville, kijiji cha jimbo la Iowa. Alisomea kemia, na wakati wa vita vya pili vya dunia yeye pamoja na mke wake Lorna waliingizwa katika kazi ya siri ya kutengeneza bomu la atomiki. Pale ndipo alipojifunza kutumia mashine inayopima uzito wa atomu.

Kisha vita, katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipewa kazi iliyoonekana ndogo: kupima risasi iliyo ndani ya chembe za mawe ya zamani, ili umri wa mawe hayo ujulikane. Hesabu zilikataa. Kila alipopima, alikuta risasi nyingi kuliko ilivyowezekana. Miaka ikapita kabla ya kuelewa kwamba risasi hiyo haikutoka katika jiwe: ilitoka hewani, katika vumbi, katika maji ya bomba, hata katika nywele zake mwenyewe. Alipohamia taasisi ya Caltech, huko California, alijenga maabara safi ajabu, ambamo hewa ilichujwa na kila chombo kilioshwa kwa asidi. Wanafunzi wengine walimwona kama mtu mwenye wazimu wa usafi. Lakini ni usafi huo uliomwezesha kuipatia dunia umri wake, kwa kupima kimondo kilichoanguka Arizona: miaka bilioni 4.55. Jibu hilo alilitangaza mwaka wa 1956, na mpaka leo halijabadilika sana.

Mwingine angeridhika na sifa hiyo. Yeye alibaki na swali la ule uchafu uliomsumbua: risasi yote hiyo ilitoka wapi?

Alianza na bahari. Maji ya juu yalikuwa na risasi nyingi kuliko maji ya kilindini, maana yake ilikuwa imeingia hivi karibuni na kutoka juu. Akashuku esanse. Tangu mwaka wa 1923 makampuni ya Marekani yalikuwa yakichanganya risasi ndani ya esanse ili injini zisigonge. Hatari yake ilijulikana mapema: mwaka wa 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kisha kuvuta mvuke wake. Hata hivyo biashara iliendelea, na kwa miaka zaidi ya arobaini daktari Robert Kehoe, aliyelipwa na makampuni hayo, alifundisha kwamba risasi mwilini ni jambo la asili na kwamba kiasi kidogo hakidhuru.

Patterson alipoandika mwaka wa 1965 kwamba Wamarekani walikuwa wanabeba risasi mara mia kuliko kiasi cha asili, alilipa kwa gharama. Shirika la watu wa mafuta lililokuwa linamsaidia lilikata feza. Mkataba wake na idara ya afya ya serikali haukuendelea. Mwaka wa 1971, Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda tume juu ya risasi iliyo hewani, yeye aliyeijua kuliko karibu wote aliachwa nje.

Barafu ndiyo ilimtetea. Theluji ya kila mwaka inafunika ile ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo mtu anayechimba anarudi nyuma katika wakati. Matokeo ya Greenland, yaliyotangazwa mwaka wa 1969 pamoja na wenzake Murozumi na Chow, yalionyesha kwamba risasi iliongezeka zaidi ya mara mia mbili tangu miaka 800 kabla ya Kristo, na kwamba ilipanda kwa nguvu zaidi kisha mwaka wa 1940, motokari zilipozidi kujaa. Kundi lake lilikwenda pia Antarctica. Huko risasi ilikuwa kidogo zaidi, kwa sababu motokari nyingi za dunia ziko upande wa kaskazini, lakini hata huko ilikuwa imefika. Ikiwa moshi wa Los Angeles unalala katika theluji ambayo hakuna mtu anayeikanyaga, mtoto anayekaa kando ya barabara anavuta kiasi gani? Kwa mtoto, risasi inaharibu ubongo, na ulioharibika hauponi.

Marekani ilianza kupunguza risasi katika esanse miaka ya 1970. Katika damu ya Wamarekani kiasi chake kikashuka kwa zaidi ya robo tatu kufika mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka wa 1991, watafiti wengine walipopima theluji ya Greenland, walikuta risasi imepungua mara saba na nusu katika miaka ishirini.

Patterson alikufa nyumbani kwake California tarehe 5 Desemba 1995, akiwa na miaka 73. Majuma manne baadaye, tarehe 1 Januari 1996, esanse yenye risasi ilikatazwa kabisa katika motokari za barabara za Marekani. Inchi za Afrika kusini mwa Sahara, Congo ikiwemo, zilifika hapo miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 2006. Chupa zinazouzwa na kadhafi kando ya barabara zina mashaka mengine mengi, lakini si hilo tena. Inchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwezi wa Julai 2021.